Uzi wa Gunia la Unga

Mama Adhi,

Mshono huu si wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo limenikaa kooni siku nne sasa, na wewe unanijua, mimi kuzungukazunguka siwezi. Mkoba huu niliushona mwenyewe kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule. Mdomo wake niliufunga kwa mkono, kwa uzi mweusi, mshono wa kurudi nyuma, mdogo mdogo, wa kufunguliwa kwa wembe. Leo mdomo umefungwa kwa uzi mweupe mnene, hatua ndefu, hii huku nyingine kule. Kuna mtu aliufungua na kuufunga tena, na mtu huyo ameona kilichomo.

Ni Adhi wako aliyeuleta, Jumatatu mchana, hapa dukani kwangu Kongo, Kawangware. Nilikuwa napiga pindo suruali ya mteja. Akasimama mlangoni na ile sweta yako ya kijani, nikashtuka, nikadhani ni wewe umekuja kuniletea chapati. Akasema, "Auntie, mama alisema hii irudi mkononi mwako, isipitie kwa mtu." Nikaipokea, nikaigeuza, jicho likaenda moja kwa moja kwenye mshono. Jicho la fundi halina adabu. Nikamuuliza nani ameufungua. Akatazama vipande vya vitambaa sakafuni, akasema, "Mimi sijui, auntie."

Nimelea watoto watatu. Najua "sijui" ya kweli, na najua ile ingine.

Halafu, kabla sijambana vizuri, akaniambia la pili. Kwamba Pasta Mutua amemwomba achukue nafasi yako. Awe pacha wangu. Kwamba Jumapili hii mikoba inabadilishwa kabla watu hawajaanza kupandwa na mori wa uchaguzi, na yeye ataleta wake, kama mimi sina neno. Nikasema sina neno. Akaenda. Tangu siku hiyo mkoba uko hapa chini ya cherehani na mimi sijaufungua, naogopa kitambaa changu mwenyewe.

Wacha niseme sasa, kwa sababu kama ulijua, unajua, na kama hukujua ni haki yako. Mle ndani hamna cheti. Hamna hati ya ploti, hamna picha ya Baba Ciru, hamna chochote nilichosimama mbele ya kanisa nikasema kimo. Ni magazeti, Mama Adhi. Magazeti ya zamani na kadibodi moja ya kuyafanya yakae kama karatasi za maana. Miaka yote hii ulinitunzia takataka.

Kwa hiyo unaona swali langu. Kama ni Adhi aliyefungua, basi Jumapili anakuja kusimama na mtu anayemjua ni mwongo, na sijui anataka nini kwangu. Kama ni Pasta, ananingoja niaibike mbele ya watu. Na kama ni wewe. Hapo ndipo kalamu inagoma.

Unakumbuka Pasta alivyotupanga mara ya kwanza? Ule ukumbi wa shule karibu na Olympic, huko Kibera, sisi wa Kawangware ukuta huu, nyinyi wa Kibera ukuta ule. Wakikuyu tukijifanya tunatafuta kitu kwenye vibeti, Wajaluo mkiimba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Pasta akasema yeye ni Mkamba, Mungu amemweka katikati awe refa. Nikawaza, refa naye hununuliwa. Akasema damu ya Yesu haina kabila, tukaitikia amina, kila ukuta na amina yake. Halafu akatoa ile kazi yake ya mikoba. Kila mwanamke atapata pacha wa upande ule, na uchaguzi ukikaribia watabadilishana vile vitu ambavyo mtu akivipoteza analia. Vyako vilale kwao, vyao vilale kwako. Mkoba ushonwe, usifunguliwe. "Hakuna mtu anayeombea moto nyumba ambayo cheti cha mtoto wake kimelala," akasema.

Wengine walilia. Mimi nilihesabu madirisha. Nilijiambia, huyu mtu ana akili sana, na mtu mwenye akili sana anataka kitu.

Usinione mbaya bure. Kaka yangu Njoroge alikuwa na kibanda cha viatu huko kwenu Kibera, wakati wa zile vurugu kubwa za uchaguzi. Aliyemwonyesha njia ya nyuma akimbie alikuwa jirani yake, na aliyebeba viatu baadaye alikuwa jirani huyo huyo. Njoroge alimwona. Tangu hapo mtu akinionyesha mlango, naangalia pia mikono yake. Na wewe ulikuwa na yako. Ndugu yako alitupiwa godoro nje hapa hapa Kawangware, na mwenye ploti aliyekuwa akimwita mwanangu. Ulinihadithia ukicheka, na kile kicheko chako sikukiamini pia. Nilisema moyoni, huyu ananiwekea kinyongo.

Tena hati ya ploti ndiyo inayoniweka hapa. Baba Ciru alipofariki, shemeji zangu walikuja wakala chai, wakapima ua kwa macho. Bila ile karatasi mimi ni mpangaji kama hao wapangaji wangu watatu. Niipeleke Kibera, kwa mwanamke ninayemjua kwa wiki sita, kwa sababu tumeimba pamoja? Niliiacha kwenye mkebe wa unga, chini ya unga wenyewe. Nikajaza magazeti, nikashona vizuri sana. Sijawahi kushona kitu vizuri hivyo.

Jumapili ile tukasimama mbele. Ukanipa wako, nikakupa wangu. Tukasema yale maneno: chako kiko kwangu, moto ukija unakuja kwetu sote. Mkono wako ulikuwa na unga wa chapati zako za kuuza kwenye kucha. Wangu ulikuwa umekauka kabisa.

Na hili sijamwambia mtu. Wako niliufungua. Haikupita wiki. Nilitaka kuona kama na wewe umenipa magazeti, na Mungu anisamehe, nilitamani iwe hivyo. Kumbe ni vya kweli. Cheti cha kuzaliwa cha Adhi, kadi yako ya ubatizo, cheti cha kifo cha mzee wako, ile picha yenu mmesimama mbele ya ziwa akiwa na suruali pana. Hata hapo sikutosheka. Nilikishika cheti kwenye mwanga wa dirisha kuangalia muhuri, nikasema labda ni nakala. Haikuwa nakala. Nikarudisha, nikashona kwa uzi ule ule kwenye matundu yale yale, na hadi leo huwezi kuona palipofunguliwa. Sasa nimekaa hapa nalia ati mtu kafungua mkoba wangu. Tofauti ni kwamba mimi ni fundi.

Naacha hapa kidogo, mteja wa kanzu ya kwaya amekuja.

*

Ni Ijumaa. Sijaufungua bado.

Nataka kuandika kuhusu siku ya moshi, kwa sababu nikikwepa hiyo, barua yote hii ni kazi bure. Ilikuwa mchana, wakati wa ule uchaguzi wa kurudiwa. Nilikuwa nampima mteja kifua. Mtu akapita mlangoni akasema Kibera inaungua, upande wa Olympic. Tukatoka kuangalia. Moshi mweusi, wa magodoro. Hakuna aliyejua nani amewasha, na hadi leo kila mtu ana jina lake la kutaja. Mteja wangu akashika kichwa. Mimi nikasema, "Wacha iungue. Watajua." Kisha nikarudi kumalizia kipimo.

Sikukukumbuka, Mama Adhi. Hiyo ndiyo kweli. Si kwamba nilikukumbuka nikakuchukia. Sikukukumbuka hata kidogo, kwa sababu hakukuwa na kitu changu huko. Pasta alisema kweli, na mimi ndiye mfano wake. Kama hati yangu ingekuwa kwenye ile nyumba yako ya mabati, ningekimbia na tepu ikining'inia shingoni.

Siku ya tatu ukapiga simu. Hukusema nyumba imeisha. Hukusema umelala kanisani kwenye mkeka. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Mkoba wako uko salama, nyaminwa." Hivyo ndivyo ulivyoniita tangu siku ya kwanza, dada yetu, kwa Kijaluo, na mimi kila mara nikijiuliza dada wa nani. Ndipo nikajua kwa wengine kwamba umepoteza karai, jiko, vitanda, sare ya Adhi, na lile gunia la unga ulilokuwa umelinunua kwa kuchangiana na rafiki yako wa sokoni. Ulitoka na mtoto mkono mmoja na mkoba wangu mkono mwingine. Wako, wa maana, ulikuwa kwangu, umelala mahali pakavu, umekaguliwa.

Ulisimama kanisani ukatoa ushuhuda. Ukasema mlivyoruka mtaro ukateleza, ukaanguka ndani na mkoba, ukauinua juu kama mtoto. Watu walipiga makofi. Nikapiga pia. Nilikuuliza baadaye, kwa sauti ya kawaida, mkoba uliloa? Ukasema, "Uliloa kidogo. Niliuanika hivyo hivyo, ukakauka." Na mimi ninayeshuku kila kitu, ninayehesabu madirisha, hilo nililiamini hapo hapo. Kwa sababu lilinifaa.

Nilimshonea Adhi sare mbili na sweta. Ulipotaka kushukuru nilikukatiza kwa ukali. Ukawaambia watu, mnamwona Mama Ciru, ana maneno makali lakini moyo wake ni mkate. Niliondoka mapema siku hiyo, nikasema kichwa kinauma.

Halafu wageni wakaja, unawakumbuka? Mchungaji mzungu mrefu na mwenzake mweusi, wote wa Marekani. Wakatuambia makanisa yao yako barabara moja, weupe huku na weusi kule, na tangu wazaliwe hawajawahi kuomba pamoja, ndiyo maana wamekuja kuona sisi tunafanyaje. Walikuwa wamesikia habari ya mkoba. Walitaka kutupiga picha tumekumbatiana, wewe ukishika mkoba. Yule mzungu alilia kabisa. Nilikunong'oneza, "Angalia, wamekaa ncha mbili za benchi." Ukajibu bila kugeuka, "Lakini wamekuja na ndege moja."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Sasa najiuliza, wakati unacheka na mimi, mkono ukiwa kwenye ule mkoba, ulikuwa unajua?

Nimeanza kupekua kila kitu. Siku uliyoniambia, "Mama Ciru, wewe unapenda habari za zamani," tulikuwa tunaongea kuhusu shemeji zangu, au ulikuwa unanigusa? Chapati zangu ulikuwa unanifungia kwenye gazeti, kila mara gazeti, na watoto wa shule uliwapa kwenye sahani. Ni kwa sababu mimi nabeba na wao wanakula hapo, najua. Lakini nalala nikiziona zile chapati. Uchaguzi uliofuata, Pasta alipouliza kama tunataka kubadilisha mikoba upya, wewe ndiye uliyesema haraka, "Yetu iko mahali pake, iache." Nilishukuru Mungu. Ulikuwa unaniokoa au ulikuwa unanifungia mlango?

Hata kwenu nilikwenda na shaka. Tulipokusindikiza kukuzika, basi zima likiimba nyimbo nisizozijua, nilijisemea watu hawa wakijua mimi ni nani watanishusha njiani. Tukafika. Shangazi yako mmoja, mfupi, mwenye fimbo, akanitazama kutoka juu hadi chini, akauliza kitu. Adhi akajibu. Nikasikia lile neno, nyaminwa. Yule mama akanishika mkono akanipeleka mbele, nikasimama na dada zako, nikatupa udongo wangu pamoja nao. Niliinamisha uso na watu wakadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni. Na ilikuwa magazeti.

Presha imekuondoa ghafla mno. Asubuhi unasukuma chapati, jioni Adhi ananipigia simu hawezi kuongea. Hukunipa hata nafasi ya kukuudhi mara ya mwisho.

Haya. Naenda kuchukua wembe.

*

Ni wewe.

Sikuhitaji hata kufika ndani. Nilivuta uzi na uzi ukaniambia. Ulitoka umejikunja, una vijipinda vidogo kila baada ya sentimita moja, na uzi wa dukani hauna vijipinda. Uzi wa namna hiyo umewahi kushona kitu kingine, ukafumuliwa. Ni uzi wa mdomo wa gunia la unga wa ngano. Nimekuona mara mia ukikaa kwenye lile stuli lako, ukitafuta ncha, ukivuta, gunia linafunguka lote kwa mkupuo, halafu unauzungusha uzi kwenye kidole unautia mfukoni mwa aproni. Nilikuwa nakucheka. Ulisema uzi ni uzi.

Pasta hapiki chapati. Adhi hana subira ya kukusanya nyuzi. Ni wewe, Mama Adhi.

Ndani nimekuta magazeti yangu. Yote. Yana mawimbi, yana mstari wa maji ya mtaro umekauka kama mpaka wa ramani, na bado yananuka moshi kwa mbali. Lakini hamna ukungu. Mimi nashughulika na vitambaa, najua kitu kikiloa kikafungiwa. Siku mbili tu kinaanza kunuka, wiki moja kina madoa. Haya magazeti yalitolewa na kuanikwa siku ile ile, au kesho yake, ukurasa mmoja mmoja. Kisha yakapangwa. Kurasa ziko kwa utaratibu, Mama Adhi. Mimi nilizisokomeza tu. Wewe ulizipanga kwa namba, ukaweka na ile kadibodi yangu ya uongo katikati, imenyooka.

Kwa hiyo siku ya tatu, uliponipigia simu, ulikuwa umeshajua. Nyumba imeungua, umelala kwenye mkeka wa kanisa, umeokoa magazeti ya Mkikuyu badala ya karai lako la chapati, na ukachukua simu ya kuazima ukaniambia mkoba wako uko salama.

Nilikaa sakafuni. Mteja akaja akaona, akarudi.

Nikakukasirikia kwanza, sitakudanganya tena. Nilisema, huyu mwanamke alinifanya mjinga miaka yote. Alikuwa na mimi mfukoni. Alikuwa anangoja siku atakayonihitaji anitolee hiyo siri. Nikajaribu kutafuta siku hiyo. Siku uliyonitolea. Nilipekua miaka yote, misiba, harusi ya Ciru, vikao vya kanisa, ile mara tuligombana kuhusu rangi ya vitambaa vya kwaya nikakuita kichwa ngumu mbele ya watu. Hapo hata mimi ningetoa. Hukutoa. Ulisema tu rangi ya zambarau inachuja, na ilichuja kweli.

*

Jumapili, mchana. Nimetoka kanisani sasa hivi na sijavua hata viatu.

Jana nilimwita Adhi dukani. Sikutaka kumwambia mbele ya kanisa, huko kila ungamo linapigiwa makofi, na hili sikutaka lipigiwe. Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia yote: mkebe wa unga, wako nilioufungua, hata lile neno nililosema siku ya moshi. Hilo la moshi ndilo lilinitoka kwa shida. Binti yako ana uso wako lakini hauchezi kama wako. Alinisikiliza hadi mwisho.

Halafu akasema, "Auntie, mimi ndiye nilianika."

Alikuwa darasa la tano. Anasema mlifungua mkoba pale uani mwa kanisa mkidhani vyeti vyangu vinaoza. Anasema uliangalia ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha ukamwambia, "Hizi ni karatasi za auntie. Usirarue hata moja." Mkaazima kamba ya nguo. Alisimama kulinda upepo usizichukue, watoto wengine wakimcheka anaanika magazeti na hana hata kiatu. Yalipokauka yalikuwa yamejikunja, mkayaweka chini ya mkeka mkayalalia wiki mbili ili yanyooke. Akanionyesha shavu, akicheka kidogo, akasema wino ulikuwa unamgandia hapa.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Sikuwa nauliza kwa hasira tena. Akasema na yeye alikuuliza, zaidi ya mara moja, alipokua akaanza kuelewa. "Alisema ukijua kwamba anajua, hutarudi."

Ulisema kweli. Nisingerudi. Ningepata sababu, ningesema Pasta anakula pesa, ningesema Wajaluo wamejaa kiburi, ningetafuta kanisa la karibu na nyumbani. Ningekuchukia kwa sababu ya uongo wangu mimi. Unanijua vibaya sana.

Basi nikatoa mkebe wa unga. Nikatoa hati mbele yake, nikapuliza unga. Vyeti vya watoto wote watatu, picha ya Baba Ciru, kila kitu. Nikatia kwenye mkoba ule ule wa kaki. Nilitaka kuushona, akasema, "Ngoja, auntie." Akauvuta mapajani kwake, akatoa karatasi moja moja. Akaisoma hati mstari kwa mstari. Halafu akainuka, akaenda dirishani, akaishika kwenye mwanga kuangalia muhuri.

Mama Adhi, nilifurahi. Sijui nikuelezeje. Mtu mwingine angesema mtoto hana heshima. Mimi nilikaa pale nikamtazama akinishuku, dirisha lile lile, nikasema huyu naweza kufanya naye kazi.

Aliporidhika akaniomba sindano. Nikampa na uzi mweusi. Akasema anao, akatoa mfukoni mwa sweta yako kibonge cha uzi mweupe, umejikunjakunja. Alishona mwenyewe. Anashona vibaya, hatua ndefu, hii huku nyingine kule. Mkono uliniwasha lakini sikumsahihisha.

Mkoba wako bado uko kwangu. Nilipomwambia auchukue, alikataa, akasema vya kwenu vikae hapo vilipozoea. Leo tumesimama mbele, tukasema yale maneno, na nilipofika kwenye "moto ukija" nikaishia hapo, yeye akamalizia. Pasta alinitazama sana. Sijui yeye anajua nini, na bado sijamwamini kabisa, nisikudanganye. Refa ni refa.

Magazeti yako nimeyaweka kwenye mkebe, mahali hati ilipokuwa. Shemeji zangu wakija kutafuta, watayakuta yamenyooka.

Sasa pumzika, nyaminwa. Siku nikiona moshi upande wenu, sitauliza nani amewasha. Nitafunga duka hata kama kuna mteja amesimama na nusu ya kipimo, na nitashuka kwa miguu hadi Olympic nimtafute binti yako kwanza, mkoba baadaye.

Mimi pacha wako,
Mama Ciru